Simu Kabatini, Mtoto kwa Jirani

Jumatatu, 3 Machi

Simu imeingia kabatini saa kumi na mbili jioni. Wiki ya pili sasa. Vidole bado vinaitafuta. Nakoroga chai, mkono unaenda mfukoni. Nafunga mlango, mkono unaenda mfukoni. Hakuna kitu.

Niandike sababu, nisije nikajisahaulisha. Siku ile tunatoka kanisani, Nafula ananisimulia jambo njia nzima, mimi najibu wateja. Tulipofika getini akasimama. "Mama, nimesema nini?" Sikujua. Hata neno moja. Ana miaka sita. Hakulia. Aliingia ndani tu, kama mtu aliyeuliza swali ambalo jibu lake alilijua.

Basi: simu ni ya duka. Dukani siwezi kuikwepa, mapazia yangu yanauzwa kwa picha, na wateja wengi hawajawahi kukanyaga dukani. Lakini nikifika nyumbani inalala. Barasa alicheka. Alisema sitamaliza siku tatu. Ni mume wangu, na simu yake haingii kabatini.

Leo nimefunga duka mapema ili nikae na mtoto. Nimefika, mtoto hayupo. Yuko kwa Akello, mlango wa pili. Nimemwita. "Nakuja!" Hakuja. Nilikuwa nimemimina chai vikombe viwili. Chake kimepoa mezani.

Jumanne, 4 Machi

Vilevile. Nimefika, yuko kwa Akello. Kaja nyumbani ameshaoga, ameshakula, kazi ya shule imeshafanywa. Nilibaki nimesimama na taulo mkononi. Hakuna kilichobaki cha kumfanyia.

Nilidhani nikiweka simu chini nitamkuta mtoto ananingoja.

Alhamisi, 6 Machi

Nimpe Akello haki yake kabla sijaharibu. Ni mke wa afande Okot, polisi wa kule Naguru. Kambini walikosa nyumba, ndiyo maana wamepanga hapa kwetu Kansanga. Waacholi wa Kitgum. Wana wao wawili wakubwa wako bweni huko kaskazini. Mwanamke mrefu, hana maneno mengi. Anafuma masweta ya shule kwa mashine yake ya mkono, hivyo mchana wote yupo. Nilipofungua duka nilimwomba anichukulie Nafula shuleni kwa siku chache, mpaka nizoee. Alikubali hapo hapo. Hajawahi kuniambia amechoka.

Ni mtu mwema. Hilo ndilo linaloniudhi.

Leo nimepika ugali na mrenda, chakula cha kwetu Bungoma, ng'ambo ya mpaka, nilichokula tangu sina meno. Nafula akaonja, akasukuma sahani. "Mego anaweka simsim." Mego ndilo jina analomwita Akello. Nikamwambia huku hakuna simsim, huo ufuta wao. Akala matonge mawili kwa adabu, kama mgeni. Halafu akaanza kuimba wimbo wa Kiacholi, mrefu, na vidole vyake vinacheza mezani. Maneno yote anayajua. Mimi sikuambulia hata moja.

Barasa alikuwa anatazama mpira kwenye simu. Hakusikia ugali wala wimbo. Nilimwonea wivu na yeye pia. Mwezi uliopita ningekuwa kama yeye, nisisikie chochote.

Naona wivu. Nimeandika, basi.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya.

Nilimwambia Akello apumzike, leo naenda shuleni mwenyewe. Mara ya kwanza muhula huu. Nilivaa gauni la bluu. Nilitaka Nafula anione kwa mbali.

Askari wa geti hakunifungulia. Mzee wa Kiganda, mpole, bakora kwapani.

"Nnyabo, wewe ni nani wa mutoto?"

"Mama yake."

"Mama yake namujua. Yule mulefu." Akatabasamu, akadhani namtania. "Mimi hapa naangaria sula. Sula yako siijui." Sura, alimaanisha.

Nyuma yangu wanawake wanangoja, wengine wananyoosha shingo. Nilipandisha sauti. Yeye hakupandisha. Alikuwa anafanya kazi yake, na aliifanya vizuri, na nilimchukia. Mwishowe mwalimu wa darasa akatoka. Akaniangalia, akapiga makofi. "Aaa! Mama Nafula wa kwenye simu!" Hivyo ndivyo anavyonijua. Kila mtu akacheka, nami nikacheka nao. Meno tu.

Nafula alitoka na mkoba wake. Alinipita kwa macho. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Mego yuko wapi?"

Gauni la bluu halikusaidia kitu.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada nilipita dukani kumpa mteja mmoja mapazia yake. Sajini, mwanamke wa huko huko kaskazini. Nikamuuliza kama ninayeuliza bei ya nyanya: mego ni jina la mtu?

"Mego? Mego ni mama."

Nikafunga kifurushi. Nikafunga tena. Akasema kamba inatosha.

Kumbe mwanangu anamwita yule mwanamke mama. Mbele yangu, kila siku, nami naitikia kwa kichwa. Hata jana nilimwambia kwa mdomo wangu: nenda kamwambie Mego asante.

Sijala.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekata mzizi. Asubuhi nilisimama mlangoni kwa Akello na tabasamu la kuuzia mapazia. Nikasema, dada, umeteseka nasi vya kutosha, kuanzia leo mtoto nitakuwa namchukua mimi, tutakaa naye dukani. Alikuwa na uzi wa kijani mdomoni. Akautoa.

"Mimi hapana teseka," akasema.

"Hata hivyo."

Aliniangalia kidogo. "Sawa, Mama Nafula."

Sikuona hasira. Ningependa kuona hasira. Nilienda mpaka shuleni nikafanya namba yangu iandikwe ya kwanza, na yake ifutwe. Nilisimama pale mpaka mwalimu alipoifuta. Nilijisikia vizuri hadi nilipovuka barabara.

Jumatano, 12 Machi

Nafula hasemi. Si kununa. Anajibu anachoulizwa, ndiyo na hapana, halafu anatazama miguu yake. Dukani anakaa juu ya marobota ya vitambaa. Hakuna wa kucheza naye. Nimemwambia aniimbie ule wimbo. Kasema amesahau.

Wateja nao wana lao. "Siku hizi jioni hupatikani." Mmoja kaenda kununua kwingine, kanitumia na picha.

Kufika saa kumi Nafula alianza kupiga mateke robota, taratibu, du, du, du. Nilikuwa napima kitambaa. Nikahesabu vibaya mara mbili. Nikachukua simu, nikamwekea katuni, nikamkabidhi.

Akanyamaza papo hapo.

Niliendelea kupima. Nilikuwa nimeshakata kitambaa ndipo nikaona nilichofanya. Nimemnyima mtu mwenye mikono na sauti, nikampa kioo cha simu. Tena kile kile nilichosema nakipunguza kwa ajili yake. Sikumnyang'anya. Kulikuwa na kazi.

Ijumaa, 14 Machi

Nitaandika haraka.

Baada ya shule tulikuwa dukani. Katuni tena. Simu ikalia, mteja wa Muyenga, nyumba nzima ya mapazia. Nikaichukua mkononi mwa Nafula. "Dakika moja, mama." Yule mteja hajui anataka nini. Kijivu, hapana, maziwa, nitumie picha, hiyo ina mwanga, tuma nyingine. Nikatuma. Nikatuma nyingine. Nilipoinua kichwa, juu ya marobota hapakuwa na mtu.

Nikaangalia nyuma ya cherehani. Nikaangalia chini ya meza. Kwa jirani muuza dawa, hayupo. Muuza rolex, zile chapati za mayai, wa pale nje akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, chapati mkononi. "Kavuka. Nilidhani umemtuma."

Barabara ya Ggaba saa kumi na moja ya Ijumaa. Malori. Boda zinazokuja upande usio wake. Peke yake, miaka sita.

Nilikimbia. Kiatu kimoja kilibaki huko, sikukirudia. Ule mlima wa kwetu niliupanda nikipiga kelele jina lake, watu wakitoka milangoni.

Alikuwa kwa Akello. Ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anakula kiazi kitamu. Salama kabisa. Akello amepiga magoti mbele yake anamfuta vumbi usoni.

Kama ningelia, ingekuwa heri. Sikulia. Nilimvuta Nafula mkono, kiazi kikaanguka, nikafungua mdomo.

Nilisema: unamwita kwa siri. Nilisema: umemfundisha akuite mama. Nilisema, na hili walilisikia wote, hata mwenye nyumba aliyetoa kichwa dirishani: "Wako umewatupa bweni, sasa unataka wangu!"

Hata mashine ya kusaga ya kule chini niliisikia.

Akello alisimama. Ni mrefu kweli.

"Mama Nafula. Mimi hapana iba mutoto. Wewe ndiyo ulituma mimi. Kila siku sauti yako kwa simu: dada, nisaidie kidogo. Dada, nachelewa kidogo." Hakupaza sauti. "Hii kidogo yako, sasa iko miaka mbili."

Aliinama akaokota kiazi, akakipuliza, akakiweka kwenye sahani. Akaingia ndani na kufunga mlango.

Nafula alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, mkubwa wala mdogo.

Jumamosi, 15 Machi

Sikufungua duka. Nafula ana alama ya vidole vyangu mkononi. Imeanza kufifia. Naiangalia kila anapopita.

Nilimwambia Barasa kila kitu nikingoja anitetee. Alikuwa anaosha pikipiki. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Ulitaka nikuambie nini? Mimi nilikuwa nashukuru kuna mtu anamsikiliza."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Pale pale ulipokuwa wewe. Kwenye simu."

Akaendelea kuosha. Tumekaa nyumba moja, kila mtu na kioo chake, na mtoto akatoka nje taratibu akatafuta mahali penye watu. Ni hivyo tu. Hakuna aliyemwiba.

Nalijua hilo. Wivu haujapungua hata kidogo. Nilidhani ukijua jambo, linapoa.

Jumapili, 16 Machi

Mlango wa Akello umefungwa. Afande Okot alitoka asubuhi na sare, akanisalimu vizuri, "Mama Nafula, habari ya asubuhi," na akaenda zake. Ningefurahi angenitukana.

Kanisani sikuomba kitu. Niliona haya.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeenda.

Nilichukua kigoda changu mwenyewe, maana niliogopa hatanikaribisha. Alikuwa barazani na mashine yake. Hakuinua macho. Nikaketi. Mashine inakwenda, tshaa, tshaa, sweta linashuka polepole kama ulimi. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri. Yote yalikimbia.

Nikasema, "Yale niliyosema juu ya watoto wako yalikuwa maneno ya kishenzi. Nisamehe."

Tshaa, tshaa.

"Watoto yangu iko bweni kwa sababu huko shule ni nzuri," akasema. "Mimi nalia kila wanaenda. Wewe hujui. Wewe ulikuwa kwa simu."

Ndiyo. Nilikuwa kwenye simu.

Kisha nikamuuliza, maana singepata usingizi nisipouliza: kwa nini anakuita mego?

Kwa mara ya kwanza aliacha kufuma. Akacheka kidogo, bila furaha.

"Mego ni heshima. Kila mwanamuke mukubwa ni mego. Mwalimu ni mego. Huyu mwenye nyumba ni mego. Hata wewe, ukija Kitgum, ni mego." Akavuta uzi. "Mama ni wewe. Kila siku namwambia, ngoja mama yako akuje. Anangoja. Halafu analala."

Hilo lilinichoma kuliko yote aliyonijibu Ijumaa.

Mwishowe akasema jambo ambalo nitaliandika kama alivyolisema. "Mimi sitaki kuchukua mutoto wako. Lakini mimi napenda yeye. Sasa nifanye nini na hiyo?"

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, kumwomba radhi, hata kumshukuru. Kwa hili sikuwa nimejiandaa. Nikasema, "Sijui, dada."

"Mimi pia sijui," akasema, na mashine ikaanza tena.

Alhamisi, 20 Machi

Tumepanga hivi. Siku tatu Akello anamchukua shuleni, siku mbili mimi. Namba yake imerudi shuleni; mwalimu aliiandika bila kuuliza, nilimshukuru moyoni. Yule askari wa geti sasa ananifungulia kabla sijafika. "Leo ni mama mufupi!" anatangaza. Haya.

Jioni simu ikishalala naenda kukaa nao kwenye mkeka. Barasa amekuja mara moja, akakaa upande, simu mfukoni. Ilitetemeka. Hakuitoa. Nilimwona alivyojitahidi.

Nafula amerudi kusema. Anasema mno. Lakini bado anasema akimwelekea Akello, mimi napata mabaki yake kwa upande. Leo alikuwa anakimbia uwanjani akaanguka, goti likachubuka. Mimi nilikuwa karibu. Hatua chache tu, nilishanyoosha mikono. Alinipita akilia, akaenda kujitupa kwa yule mwingine.

Akello aliona. Aliangalia chini. Akampuliza goti, halafu akamgeuza mabegani, akamsukuma kwangu. "Enda mama aone."

Alikuja. Alitumwa.

Nilitabasamu. Ndani nilikuwa nawaka. Mwanamke ananigawia mtoto wangu kama anayegawa chakula, na ananigawia kwa upole, na natakiwa kupokea kwa mikono miwili.

Jumatatu, 24 Machi

Akello ameondoka. Mama yake kaanguka kisimani huko Kitgum, ameumia nyonga. Basi la asubuhi. Wiki mbili, labda zaidi. Nafula alimshika sketi mpaka Okot alipomtoa vidole kimoja kimoja.

Nilimbebea Akello begi mpaka kwenye boda. Nilimwombea mama yake, na niliomba kweli. Boda ilipokata kona nilifurahi. Hakuna anayesoma hapa, kwa hiyo naandika: nilifurahi sana. Nilipanda mlima naimba.

Jumanne, 25 Machi

Wangu peke yangu. Nimemchukua, nimemwogesha, tumefanya hesabu za kutoa. Nimepika mboga za kunde na nikaweka simsim. Niliitafuta soko zima. Kasema, "Imekaribia." Nimelichukua hilo kama sifa.

Tumetembea mpaka kule jalalani kuwatazama wale ndege wakubwa, kalooli, wanavyogombea. Nikapiga mluzi kwa vidole viwili, wakageuka wote. Nafula hakujua kwamba naweza. Na mimi nilikuwa nimesahau. Nimepiga mpaka midomo ikauma.

Jumatano, 26 Machi

Ameuliza: "Tumpigie Mego?"

"Simu imelala."

"Iamshe."

"Tumekubaliana, jioni simu inalala. Hata wewe ulifurahi."

Hakubisha. Ni sheria nzuri, nami ndiye niliyeitunga, na kila neno nililosema lilikuwa kweli. Nikaenda kuosha vyombo. Nikaosha hadi sahani safi.

Alhamisi, 27 Machi

Ameuliza tena. Barasa akatoa simu yake. Nilimtazama. Akairudisha mfukoni.

Baadaye aliniambia, taratibu, "Hiyo sasa si kupunguza simu." Nikamwambia ashughulike na mpira wake.

Najua ni nini. Asinifundishe.

Jumapili, 30 Machi

Baada ya chakula cha mchana mawingu yalikuja kutoka upande wa ziwa. Nilitoka kuanua nguo. Nafula alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha Akello, mgongo kwenye mlango uliofungwa. Hachezi. Halii.

Nikamwambia aingie, mvua inakuja.

"Nakaa hapa."

"Akello harudi leo, mama. Unajua."

"Najua." Akasogea kidogo, kama anayempa mtu nafasi. "Nakaa tu."

Nilisimama na shuka begani. Namfahamu mtoto huyu. Siku ile getini alikuwa na uso huu huu. Ameuliza mara mbili, amejibiwa, hatauliza tena. Atazoea. Na akishazoea atakuwa amejifunza kwamba mimi ni mtu wa kuzoewa hivyo.

Niliingia nikafungua kabati. Nikapiga. Simu ililia kwa muda mrefu na, Mungu anisamehe, nilitamani isipokelewe. Ikapokelewa. Nikatoka nikamwekea Nafula sikioni, nikarudi kwenye kamba yangu ya nguo.

Hakusalimia hata. Alianza kama bomba lililozibuliwa. Rafiki yake kahama dawati. Mwalimu kapata mtoto wa kiume. Goti limepona, limetoa ganda. Nilianua soksi moja moja ili nisimalize. Kila tukio alikuwa amemwekea yule, wiki nzima, na mimi nimekaa naye meza moja. Niliuma meno.

Halafu nikasikia: "Mego, unajua Mama anajua kupiga mluzi? Kwa vidole! Kalooli wote waligeuka! Eee, Mama yangu. Wote!"

Kule Kitgum Akello akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo, kwa sauti.

Matone makubwa ya kwanza yakaanza. Nafula alikuja mbio na simu, ameishika kwa mikono miwili. "Anataka kukusalimu."

Nikapokea. Mama yake anaendelea vizuri, anaanza kukaa. Huko bado kukavu, watu wanangoja mvua wapande. Nikamwambia hapa ndiyo inaanza sasa hivi, sikia, nikainua simu juu kidogo. Tukasikiliza wote wawili, mvua ikipiga mabati.

"Rudi salama, dada," nikasema.

Nilimaanisha. Si kwa moyo wote, lakini kwa sehemu kubwa.

Nikazima simu, tukaingia ndani, nguo nusu kavu nusu mbichi.